Nusu Ipi

Kwanza ilikuwa harufu tu. Mchana, wenzake wakiwa wameenda kula, muuguzi alifungua jokofu la sampuli akapokewa na harufu ya mafuta ya karafuu, yale ambayo marehemu shangazi yake alikuwa akijipaka miguuni. Akalifunga haraka. Kesho yake vichupa vya damu viligongana humo ndani, polepole, kama meno ya mtu mwenye homa.

Shangazi alikufa kwa figo miezi miwili baada ya kuingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya. Muuguzi ndiye aliyemtafsiria fomu. Daktari mkuu, mzungu aliyeletwa na mradi, alimwagiza aseme ni matibabu, basi. Habari ya kwamba nusu ya wagonjwa wangepewa vidonge visivyo na dawa aiache. Kwao, alisema, wagonjwa weupe wangeshtaki. Hawa weusi wa hapa hawana haja ya kuchanganywa akili. Muuguzi, mweusi kama shangazi yake, alitafsiri alivyoagizwa.

Siku ya tatu hakuligusa. Jokofu lilifunguka lenyewe, ubaridi ukatambaa sakafuni ukampanda magotini hadi kifuani, vichupa vyote vikitetemeka kwa pamoja, na katikati ya kelele ile sauti aliyoijua tangu utotoni ikamuuliza taratibu, bila hasira:

"Mwanangu, mimi nilikuwa nusu ipi?"

Jibu alikuwa nalo. Aliliona kabla ya mazishi, kwenye orodha ya nani alipewa vidonge gani.

Fundi wa maabara, ambaye naye alikuwa akizisikia kelele hizo, alimleta mtabibu wa majini. Mzee huyo alifukiza, akasoma dua, mwishowe akatikisa kichwa. Alisema hilo ni jini lililovaa sauti ya marehemu, wala halitatoka kwa dua ya mtu mwingine. Linataka waliodanganywa waambiwe, mfiwa akiwa wa kwanza.

Jioni hiyo muuguzi alienda kwa binti wa shangazi akamweleza yote. Binti alisikiliza huku akikunja nguo.

"Mama alikataa mara mbili, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Alikubali aliposikia mtafsiri ni wewe."

Akanyanyuka, akamfungulia mlango.

Asubuhi muuguzi alisimama mbele ya foleni ya wagonjwa akawasomea fomu nzima, neno kwa neno. Jokofu likanyamaza. Binti wa shangazi naye kanyamaza mpaka leo. Wakikutana njiani humpisha, kama mtu anavyompisha mgeni.