Alikuwa

Jioni ile mwenye duka aliniachia funguo, akasema nimalize kurasa za yule msafiri ndipo nifunge. Kazi yangu ni kuchapa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kwenye kompyuta herufi zinanitii.

Msafiri alikaa nyuma yangu. Alikuwa akizunguka miji akiandika kitabu juu ya watu waliosukumwa pembeni: waosha maiti, wachimba makaburi, waokota taka. Daftari lake lilinuka udongo mbichi.

Nikafika kwa Mama Chupa, mwokota chupa wa mtaani kwetu. "Alikuwa akicheka peke yake, gunia begani."

Tulimzika Jumanne hii. Ukurasa ulikuwa na tarehe ya mwezi uliopita...

Nikafunua wa mwisho.

"Bibi wa chumba cha pembeni, majirani humwita mchawi. Alikuwa mkali. Alikuwa akimlea mjukuu aliyeacha shule. Sauti yake ilikuwa nzito."

Bibi yangu.

Nikaacha kuchapa. Nikamwambia kwa adabu kwamba huyu yu hai. Asubuhi tu amenitania kwamba kwa chai yangu ile, mume atanirudisha kabla ya saa nne.

"Chapa kama ilivyo, binti," alinong'ona. "Mimi huwa natangulia kidogo tu."

Pumzi yake ilinigusa shingoni. Baridi.

Nikajifanya nakohoa, nikaiagiza kompyuta ibadilishe kila "alikuwa" iweke "angali". Kitabu kizima. Nikatoa nakala. Akazipokea bila kusoma, akaondoka. Sikusikia mlango.

Nilikimbia. Nyuma ya stendi nikasikia chupa zikigongana ndani ya gunia... na kicheko. Nilikijua kicheko kile.

Sikugeuka.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Mzima! Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Akanisukuma kidogo, akafungua mdomo anigombeze kwa kuchelewa.

Hakikutoka kitu.

Midomo ilicheza tu. Akajishika koo, akanitazama.

Ndipo nikakumbuka. Mtu ndiye "alikuwa". Sauti haiandikwi hivyo. Sauti yake *ilikuwa*.

Msafiri hajaonekana tena, wala sijui alikoelekea na daftari lile. Bibi hajatamka neno mpaka leo. Jioni tunakaa wawili, kimya, mpaka gunia la chupa lipite chini ya dirisha, na mtu acheke peke yake.