Glasi Isiyoonjwa

Katika Gitega nzima hakuna kesi iliyowahi kumshinda Inspekta Egidius. Haya, tuseme ukweli: ilimshinda ya mbuzi wa paroko, na ya pikipiki yake mwenyewe, iliyoibwa mbele ya kituo cha polisi mchana kweupe. Lakini hii ya Longino aliimaliza, na hadi leo anatamani ingemshinda.

Maiti ilikutwa Jumamosi asubuhi kwenye benchi la kabare ya Mama Jovina, kilabu cha pombe za kienyeji. Longino, fundi mwashi, alikuwa amelala ubavu, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Hakuwa na jeraha, wala alama shingoni. Jovina, mwenye kabare, ndiye aliyemzaa.

"Alikunywa nini, Mama?"

"Urwarwa, kama wenzake. Pombe ya ndizi haijaua mtu."

Egidius aliinua glasi ya marehemu, akachovya kidole, akalamba, jambo ambalo shule ya polisi inalikataza. Ulimi ukawaka. Pombe ya ndizi ilikuwa imechanganywa na kanyanga, ile pombe kali ya kificho ambayo ungeweza kuwashia taa.

Jioni daktari alithibitisha: hakuna sumu. Kilevi kilizidi, pumzi ikakatika usingizini.

Egidius alijua kwa nini wauza pombe humimina kikali. Mmoja anatafuta bakshishi, mwingine hataki mteja aondoke, mwingine anampenda. Akamwita Nassoro, fundi cherehani wa jirani, mtu wa swala tano, ambaye kwa Jovina hunywa soda tu, kwenye kikombe kisichoonyesha rangi.

"Vinywaji vya Jovina ni vikali?"

"Vikali? Afande, we unacheka. Tunapewa maji yenye harufu." Akakohoa. "Mi nasikia kwa wengine."

"Na Longino?"

"Ya Longino iko tofauti. Mama anaonja kila glasi mbele ya mwenyewe, iko desturi, uone hakuna ubaya ndani. Ya mtoto wake haonji. Tukasema, mama na mtoto, kuonjeana ya nini?"

"Kila siku?"

"Ijumaa tu. Jumamosi asubuhi anapanda gari ya Muyinga, kwa mke wake. Lakini siku hizi gari inamwacha. Analala hapo mpaka mchana."

Egidius akaipanda gari hiyo yeye mwenyewe, mpaka kijiji cha Mwakiro. Kasilda, mjane wa Longino, alimpokea uani, mkono mmoja umefungwa kitenge.

"Mkono umefanya nini, dada?"

"Nilianguka na baiskeli."

Baiskeli ilikuwa ukutani, haina magurudumu. Egidius akaitazama, Kasilda naye akaitazama, wakaachana nayo. Mlangoni, kwa ndani, mbao zilikuwa na matundu mapya ya misumari.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Komeo."

"La wezi?"

"Wezi hawaji huku, afande. Kila Ijumaa mama mkwe alinipigia simu: 'Kesho haji, mwanangu, nimemlaza.' Ijumaa hii akasema, 'Lile komeo uling'oe, hutalihitaji tena.' Nikaling'oa. Nikalala mpaka jua likanikuta kitandani. Tangu niolewe sijalala hivyo." Machozi yakamtoka. "Sasa usingizi ule naona aibu nao."

Aliporudi Gitega, alimkuta Jovina ameketi kwenye benchi lilelile, viatu vya mwanawe bado viko chini yake.

"Mama, mkono wa Kasilda nimeuona."

Jovina akasema kama mtu anayetua mzigo.

"Baba yake alikuwa na mkono uleule. Nilidhani tumemzika nao kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimsihi Longino. Nikamletea padri. Akapiga magoti, akalia, tukalia wote. Jumamosi akapanda gari, akaenda kuvunja mtu mkono. Nikasema, aliyelala hapigi. Nikawa namlaza kila Ijumaa, kama alipokuwa mchanga. Tofauti ni nilichomnywesha."

"Ndiyo maana hukuonja."

"Ningeonja ile, nani angewahudumia wengine?" Akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Juzi nilikosea kipimo, mwanangu. Mikono ya kizee."

Kuua bila kukusudia. Miaka michache, na pengine hakimu mwenye mama. Egidius alitaka iishie hapo. Alikuwa ameshasimama.

"Kwa hiyo ulijua ataamka."

"Nilijua ataamka, kama siku zote. Si nilimvua viatu nikaviweka hapa, avikute?"

Egidius alifika mlangoni. Akashika fremu, bila kugeuka.

"Basi Mama, kwa nini ulimwambia Kasilda ang'oe komeo?"

Jovina aliinama, akachukua viatu vya mwanawe, akaanza kuvifuta vumbi kwa pindo la kitenge, kimoja, halafu kingine.