Bomba la Ghorofa ya Mwisho

Aliyenieleza kwanza habari za bomba ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni fundi cherehani, na nyumba yake iko chini ya yetu. Sisi tulikuwa tumehamia ghorofa ya mwisho. Juu yetu palikuwa na paa na tangi la maji, basi.

Alisema ardhi ikitikisika umeme hukatika, lifti hufa na simu hazishiki. Kwa hiyo wakazi huulizana hali kwa kugonga bomba la maji linalopita katika kila jiko. Mara mbili ni kuuliza kama mko salama. Mara moja ni kujibu ndiyo. Ukigonga mfululizo, unaita watu waje.

"Ila likigongwa kutoka juu yenu, usijibu," aliniambia.

Nikadhani ananitania. Huwa anasema mimi ni mpole mno, hata nikiungua nitaungua kimyakimya.

Siku ile mume wangu alikuwa kazini. Ilikuwa mchana, jua limejaa sebuleni, nami nakunja nguo za mtoto. Vikombe vikaanza kulia kabatini. Kisha jengo zima likayumba. Nilijiinamisha chini ya meza na mwanangu mpaka likatulia. Feni ilikuwa imesimama.

Nikakimbilia mlango. Haukufunguka, fremu ilikuwa imepinda. Nilivuta mpaka kucha zikauma.

Vumbi la dari lilikuwa linamkohoza mtoto. Nilitaka kupiga kelele, lakini aibu ilinikaba hata saa ile. Nikaingia naye jikoni, nikachukua kijiko chake, nikagonga bomba mara mbili.

Nikategesha sikio.

Halafu likagongwa mara mbili. Nikashusha pumzi. Ndipo nikatambua sauti inatoka juu.

Pengine ni fundi wa tangi, nilijiambia. Mtoto alikohoa tena, midomo ikabadilika rangi. Sikungoja zaidi. Nikagonga mfululizo.

Kisha mlio ule wa kugonga ukaanza kushuka ndani ya bomba.

Darini.

Usawa wa kichwa changu.

Usawa wa goti.

Mtoto akaacha kukohoa. Alitazama nyuma ya sinki, akatabasamu. Akainua mikono, kama afanyavyo akitaka kubebwa.

Miguu yake ikaachana na sakafu.

Nilimrukia. Nikamvuta. Alikuwa mzito. Kuna aliyemshika upande wa pili.

Mlango ukavunjwa. Wifi aliingia na mlinzi wa jengo, mwenye mtaimbo. Uzito ukaachia, nikaanguka na mwanangu kifuani. Nilipouliza nani yuko juu, mlinzi alisema hakuna mtu aliyepanda kwenye tangi, ufunguo wa paa ulikuwa kiunoni mwake tangu asubuhi. Wifi hakumsikiliza. Alikuwa anakitazama kijiko mkononi mwangu.

"Wifi," alininong'oneza, "uliwajibu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Safari hii hakunitania.

Tulilala kwake. Asubuhi iliyofuata nilimwogesha mtoto jikoni mwake, ndani ya beseni la bati lililogusa bomba, naye akichezea kijiko chake. Chini ya makwapa yake palikuwa na alama za vidole, virefu, rangi ya kutu. Nilisugua kwa sabuni. Hazikutoka.

Bomba likagongwa mara mbili. Kutoka juu, nyumbani kwetu, ambako hakuna aliyebaki.

Nikaudaka mkono wa mwanangu wenye kijiko. Nilichelewa. Alikuwa ameshagonga beseni, mara moja.