Mlango Wako Unanijia

"Nataka hii iandikwe kwa kikombe. Na maua pembeni. Nyekundu, si hizo zako za pinki."

Maryanne alisukuma simu yake juu ya kaunta ya Apiyo, pale Kisian, kwa ile duka ndogo ya kuchapa na kuprinti. Apiyo akasoma. Jamani, akasoma mara mbili.

*Usiwashe taa. Mlango wako unanijia.*

Huo mstari aliujua. Ni Ondiek, mchumba wake, aliyeutoa kwa Kilatini. Ondiek alisoma seminari miaka minne kabla hajagundua kwamba yeye na upadre ni mbingu na ardhi. Sasa masters yake yote ni kumfuatilia mshairi mmoja wa Roma ya zamani ambaye vitabu vyake vimepotea vyote. Vyote! Imebaki mistari tisa tu, mingi yake kwa sababu wengine walimnukuu au walimwibia. Apiyo ndiye alichapa hiyo kazi, na kufika ukurasa wa arobaini walikuwa tayari wanapendana. Siku hiyo Ondiek alimwambia, "Huu mstari wa tano ni wako. Hakuna mtu mwingine duniani ako nao kwa Kiswahili."

Hakuna mtu mwingine, eti!

"Nani amekutumia hii?" Apiyo aliuliza, sauti ikijifanya haina habari.

"Aah, hiyo ni siri." Maryanne alicheka na mabega. "Namwitanga Prof. Mtu wa vitabu. Anaongea vitu sielewi, lakini tumbo yangu inaelewa."

"Na ako wapi huyo Prof?"

"Leo ako Kombewa. Kila Alhamisi ako Kombewa. Mbona unaniuliza kama askari?"

"Nauliza rangi ya maua."

"Si nimesema nyekundu!"

Na Ondiek alikuwa wapi Alhamisi hiyo? Kombewa! Kwa dani yake, nyanya aliyemlea, ati kupanga safari ya Jumamosi. Jumamosi wazee wake walikuwa waje kwa kina Apiyo, na Apiyo aulizwe mbele ya kila mtu kama anamkubali. Akishasema "ayie," yaani nimekubali, hakuna kurudi nyuma.

Maryanne hajafika hata barabarani, Apiyo ameshapiga simu.

"Ondi, uko wapi?"

"Kwa dani. Kwani?"

Nyuma ya sauti yake mwanamke akacheka. Kicheko ya msichana, tamu, ya kujiachilia.

"Nani huyo anacheka?"

"Ni dani."

"Dani ako na miaka themanini na mbili, Ondiek."

"Sasa asicheke? Ngoja, network hapa ni…"

Ikakatika. Imekatika, ama imekatwa? Apiyo aliangalia hiyo simu kama nyoka. Halafu vidole vikaandika vyenyewe:

*Maneno yangu unagawa kama chai ya matanga. Jumamosi msikuje.*

Simu ililia mara saba. Hakushika. Alifunga duka, akapanda boda mpaka Kombewa, upepo ukimkausha machozi kabla hayajafika shavuni. Alitaka kumpata huyo mwanamke hapo hapo, kicheko ikiwa bado mdomoni.

Alimpata. Dani alikuwa nje kwa stuli, njugu kwa sinia, simu imeegemea kikombe, anaangalia video ya mbuzi amevaa tai. Akacheka. Ile ile! Ya msichana kabisa. Shaka moja ikafa hapo hapo, na ukweli ni kwamba Apiyo hakufurahi.

"Yawa!" dani alisema. "Msichana anakuja kwetu kabla ng'ombe haijaenda kwao?"

"Sijakuja kukaa, dani. Nimekuja kuuliza kitu moja."

Ondiek alitoka ndani, shati imepigwa pasi upande mmoja.

"Umeandika tusikuje. Nimefanya nini?"

"Uliza Maryanne."

"Maryanne nani?"

"Ati nani! Sikiza Maryanne anatumiwa nini." Akasoma kwa simu yake, ile picha aliyopiga ya meseji ya Maryanne ndio achape kikombe. "Usiwashe taa. Mlango wako unanijia."

Ondiek alitulia. Hakuapa, hakumwita Mungu shahidi.

"Rudia neno ya mwisho."

"Ondiek, usinichezee."

"Rudia tu."

"Unanijia!"

Aliingia nyumbani, akarudi na ile kazi yake, akafungua ukurasa wa arobaini. "Soma hii."

*Usiwashe taa. Mlango wako unanijua.*

"Unanijua," Ondiek alisema. "Mlango unanitambua, nimeujia mara mingi. Mimi nikimwandikia mtu, nitaandika hivyo. Hiyo yako imetoka kwa nakala ingine."

"Nakala gani ingine? Si mimi ndio nilichapa…"

Akakumbuka. Kwa kompyuta u na i ni majirani. Siku ile alikuwa amechapa *unanijia*, Ondiek akamwangalia hivi, wakacheka mpaka karatasi ikaanguka, akaprinti ingine. Na ile mbovu?

"Kosa ni langu," alisema polepole. "Niliitupa kwa boksi ya karatasi mbovu."

"Na boksi inaendanga wapi?"

"Kwa Nabututu, yule mama jirani wa duka. Anafungia mandazi."

We! Ungeona uso wa Ondiek. Uliwaka kama mtu ameokota dhahabu.

"Apiyo! Unajua mstari wa tisa ulipona aje? Fundi wa vitabu alikata karatasi ya yule mshairi akashonea jalada ya kitabu ingine! Hakujua hata ni shairi! Sasa wewe…"

"Mimi nalia, wewe unafanya utafiti?"

"Basi usiniamini. Fuata karatasi. Watu wawili wakiwa na kosa moja, wamechota kisima moja. Piga simu."

Alipiga, akaweka spika.

"Mama Nabututu, kuna mtu husoma karatasi zako za mandazi?"

"Woi, si Nasir! Huyo wa vitabu za mtumba, wanamwita Prof. Mandazi nne kila asubuhi na karatasi hatupi. Kuna siku aliniambia, mama, leo umenifungia mapenzi. Akaibandika kwa kibanda."

"Na Alhamisi huwa wapi?"

"Kombewa, anapelekea mashule vitabu. Kwani ameiba?"

"Hajaiba, mama. Asante."

Dani alicheka mpaka njugu zikamwagika. Apiyo hakucheka. Sasa mwenye kesi alikuwa yeye.

"Ondi, nimekosa."

"Meseji yako dani ndiye aliifungua. Mimi nilikuwa napiga pasi. Alinisomea kwa sauti, Apiyo. Chai ya matanga." Alifunga ile kazi yake polepole. "Ulipanda boda mpaka hapa, lakini kuhusu huo mstari hukuuliza swali hata moja kwa simu. Siku ingine network ikikatika, itakuwa hivi?"

"Nitakuja tena," alisema. "Siwezi kukudanganya, mimi nitakuja. Lakini nitauliza kwanza."

Kuku moja ilipita katikati yao ikidona njugu za dani.

"Sisi ndio tulikuwa twende tukagonge kwao," dani akasema, "na mlango umetujia wenyewe. Sasa Ondiek, nakuuliza mbele ya hii kuku. Huyu mgeni unamkubali?"

Ondiek alimwangalia Apiyo. Vumbi ya barabara usoni, mistari miwili ya machozi, kofia ya boda bado kichwani. Kumbe alisahau kuirudisha!

"Ayie," alisema.

Kikombe cha Maryanne kilitoka Ijumaa, maua nyekundu, na ile i pale pale. Apiyo aliprinti viwili; cha pili ni cha Ondiek, Jumamosi akija.