Musimbi na Wageni Wake

Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, katikati kabisa ya njia, na juu yake kijana mmoja alikuwa akichora herufi S. Musimbi hakuiona. Alikuwa akikatiza Soko la Toi na gitaa mgongoni, macho yake yakizunguka kwenye mafungu ya mitumba, akitafuta jinzi nyeusi ya kushonea sketi ya jukwaani. Shingo ya gitaa ikanasa ngazi. Ngazi ikayumba, mkebe ukainama, na rangi nyekundu ikamtiririkia begani.

"Woi! Wewe!"

"Pole! Pole sana, siste! Usiguze, ukiguza inaingia ndani."

Kijana aliteremka mbio akiwa na kitambaa chenye harufu kali ya tapentaini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ovaroli yake ilikuwa na rangi zote ambazo Kibera imewahi kupakwa.

"Wewe huweka ngazi kwa njia ya watu?" Musimbi alimuuliza.

"Na wewe hutembea na nguzo ya stima kwa mgongo?"

Musimbi alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kwanza. "Hii ni gitaa."

"Ya kanisa?"

"Ya rock. Na kabla useme ni kelele, jua nimeshaambiwa."

"Sijasema kitu. Unaitwa nani?"

"Musimbi."

Kijana akatulia na kitambaa mkononi, akaangalia ukuta kana kwamba jina limeshaandikwa pale. "Herufi saba. M mbili, kama miguu ya meza. Hilo jina likiandikwa kubwa, mtu atalisoma akiwa ng'ambo ya barabara."

Hakuna aliyewahi kumsifia jina lake kwa namna hiyo. Musimbi aliweka gitaa sawa mgongoni kujifanya ana haraka. "Nipatie namba yako, fundi. Hii koti isipotoka rangi nitakutafuta."

"Namba yangu haipeanwi. Iko kwa ukuta." Akaonyesha chini ya kazi yake, herufi ndogo safi: *Osewe Signs, Kianda*, na namba ya simu. "Iko hivyo kwa kila ukuta nimefanya. Huwezi kunipoteza."

Jioni hiyo Musimbi alikuwa akitoka kazini Kawangware, kwenye kibanda alichoshonea sare za shule, akapita bucha alilolipita kila siku ya Mungu. Siku hiyo alisimama. Ng'ombe aliyechorwa mlangoni alikuwa na kope ndefu na tabasamu la bibi harusi. Chini ya kwato: *Osewe Signs, Kianda*. Akatoa simu.

"Niaje, fundi? Niko mbele ya ng'ombe yako. Mbona inacheka na inaenda kuchinjwa?"

"Aah! Msichana wa nguzo ya stima!" Sauti ya Osewe ilijaa furaha waziwazi. "Hiyo ng'ombe haijui. Usiiambie."

Waliongea mpaka simu ya Musimbi ikaisha chaji.

Hivyo ndivyo Jeconia Osewe alivyoingia katika maisha yake. Jumapili baada ya ibada alivuka kutoka Kianda hadi Riruta, ambako bendi ya Musimbi, Mvua ya Mabati, ilifanyia mazoezi katika stoo moja ya mbao. Walikuwa watatu: Musimbi kwenye gitaa na sauti, Murunga kwenye besi, na Mitchelle kwenye ngoma, msichana mfupi aliyepiga kama mtu anayevunja mlango wa adui. Osewe aliketi juu ya gunia la maranda akasikiliza. Walipomaliza, Musimbi alimwendea akiwa na jasho shingoni.

"Sema basi."

"Ile ya pili nimesikia kwa mifupa," Osewe alisema. "Jaber, kwani hii kitu ulikuwa unaificha wapi?"

*Jaber*, mrembo, kwa lugha ya kwao. Kuanzia siku hiyo hakumwita vinginevyo.

Siku moja walipokuwa wakila mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Naivasha, Osewe alimuuliza rock ilimwingilia wapi, mtoto wa mama muuza mboga.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Musimbi alisema. "Nilienda kuona bendi fulani kubwa. Nilifika mapema, watu bado hawajajaa. Wakapandishwa wasichana watatu hakuna mtu anajua. Wa kufungua jukwaa tu. Watu walikuwa wanakula chipo, wamewapa mgongo. Ikaanza kunyesha. Unajua yule wa kuimba alifanya nini? Aliteremka kwa jukwaa akaja kuimbia hapo kwa mvua, mbele ya watu kumi. Kwa sababu sisi tunanyeshewa, na yeye pia anyeshewe. Jeco, watu waliacha chipo zao. Nakuapia."

"Na ile bendi kubwa?"

"Sikumbuki hata wimbo moja. Lakini wale wasichana nawakumbuka mpaka rangi ya soksi." Akatupa gunzi. "Watu hufikiri wa kufungua ni wa kupoteza wakati. Mimi nataka mtu atoke kwa shoo akisema, 'wale wa kwanza walikuwa nani?'"

Maneno yale yalimwingia Osewe yakakaa.

Mwezi wa tatu tangu wajuane, simu iliyokuwa ikingojewa ililia. Mwandalizi mmoja wa tamasha, aliyeitwa Kimotho, alikuwa akileta bendi ya rock kutoka Afrika Kusini kwenye uwanja wa raga karibu na barabara ya Ngong. Alitaka Mvua ya Mabati wafungue jukwaa saa kumi na moja jioni, dakika thelathini. Musimbi alipiga kelele kibandani mpaka mwenye duka la jirani akaja na rungu.

Wiki ileile, asubuhi akienda kazini, alikutana na jina lake. Lilikuwa kwenye ukuta mrefu ulioelekea stendi ya Kawangware, herufi nyekundu zenye urefu wa mtu mzima: MUSIMBI NA MVUA YA MABATI. Chini yake tarehe na uwanja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kuchungulia: *na wageni wake kutoka Afrika Kusini.*

Alisimama akalisoma tena na tena, na kusema kweli, alilisoma kwa raha. Kumbe kuta zilikuwa nane. Makina kulikuwa na mbili, Kianda tatu, Riruta mbili. Kufikia saa sita mchana picha zilikuwa zimezunguka kila simu, na saa saba Kimotho akapiga.

"Musimbi, wageni wako? Yaani hao ndio wageni *wako*? Meneja wao ameniuliza kama shoo ni yao ama ni yako! Unanijua mimi ni nani?"

"Kimotho, mimi sikuandika..."

"Saa kumi na moja umetoka. Utaingia saa tisa. Dakika kumi na mbili. Hutaki, niko na bendi tano zinangoja."

Saa tisa! Hata wauza chipo huwa hawajawasha jiko. Musimbi alifunga cherehani, akashuka hadi Makina akiwa amefura. Alimkuta Osewe akipaka duka la dawa, rafiki yake Billy akimshikia ngazi.

"Shuka."

"Jaber! Umeona..."

"Nimeona! Na Kimotho ameona! Nimepewa dakika kumi na mbili mbele ya nyasi, juu yako. Nani alikutuma?"

Osewe aliteremka polepole. "Niliandika vile mimi naona."

"Hukuniuliza! Wewe ni mtu wa kuandika bei ya nyama, Osewe. Andika bei ya nyama. Muziki yangu wachana nayo."

Billy aliangalia chini. Osewe alichovya brashi ndani ya tapentaini, akaikamua, akaifuta kwa utaratibu mpaka ikawa safi.

"Sawa, Rachael," alisema.

Hakuwa amewahi kumwita Rachael, jina lake la ubatizo. Musimbi alirudi Kawangware na hasira zake, lakini alipofika kibandani hasira zilikuwa zimekwisha, limebaki neno lile tu. Alingoja Osewe apige simu. Osewe alingoja yeye apige. Siku kumi zikapita, kila mmoja na kiburi chake.

Mama yake, Mama Eddah, aliona mtoto anashona sare mikono imegeuzwa nyuma mbele, akarudi kwenye mboga zake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Tangu atoke Vihiga alikuwa ameuza mboga Kawangware miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kwenda kumsikiliza binti yake jukwaani. Alisema jukwaa ni la wale ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Jumamosi ya tamasha ikafika, na jua lake. Musimbi alikuwa amevaa sketi aliyojishonea, jinzi nyeusi yenye marinda ya kitenge cha manjano yanayofunguka akigeuka, na nywele amezisuka mistari iliyopanda juu kama taji. Alisimama pembeni ya jukwaa saa tisa kasorobo akaangalia uwanja. Nyasi. Mbwa mmoja. Fundi wa sauti akipiga miayo.

"Tutapigia mbwa," Murunga alisema.

"Ngoja," Mitchelle akainua kijiti cha ngoma. "Hamsikii watu?"

Kulikuwa na sauti nje ya ukuta. Si sauti ya watu wawili watatu. Musimbi aliacha gitaa akakimbia hadi getini, akachungulia kati ya vyuma.

Barabara ilikuwa imejaa. Waliokuja ni wachomeleaji wa Kianda wakiwa na miwani yao kwenye paji la uso, akina mama wa Makina waliovalia buibui na viatu vya raba, wasusi, makondakta, na wanafunzi aliowashonea sare. Wote walikuwa na tiketi mkononi. Walinzi walikuwa wamewaambia geti ni saa kumi.

Na hapo mbele, amevaa kitambaa cheupe cha kwaya, alikuwa mama yake. Kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi alikuwa amemshikia mwavuli dhidi ya jua. Osewe. Macho yao yakakutana, Osewe akayaondoa kwanza.

Kimotho alikuwa nyuma ya Musimbi. "Panda jukwaa, saa yako imefika."

"Fungua geti kwanza."

"Geti ni saa kumi."

"Kimotho, kwa karatasi yako umeniandika mimi ni nani?"

"Ah, si ni wa kufungua."

"Basi nifunguliwe nifungue. Naanza na geti." Hakupaza sauti, lakini waliokuwa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma, na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa barabara. "Hao watu wako na tiketi. Wamekuja kuniona. Sitaimbia nyasi na mama yangu yuko nje kwa jua."

Kimotho aliangalia umati, akaangalia simu nyingi zilizoinuliwa kumrekodi, akafuta kipara. "Dakika kumi na mbili, Musimbi. Si kumi na tatu."

Geti likafunguliwa.

Watu waliingia wakikimbia. Mitchelle hakungoja wafike. Alipiga ngoma wakiwa bado wanakuja, wakaja wakiifuata. Murunga akaingia na besi nzito iliyotikisa vifua. Kisha Musimbi akapiga gitaa lile pigo la kwanza, kali kama mvua ya mawe ikishukia paa usiku watoto wamelala, na kila aliyelelewa chini ya bati akalitambua bila kuambiwa.

*Nyeshea, nyeshea, sisi hatuyeyuki,*
*tumelala chini yako na tumeamka!*

Mara ya pili waliimba naye. Mara ya tatu waliimba bila yeye. Wachomeleaji walirukaruka, akina mama wa Makina walipiga vigelegele juu ya gitaa la umeme, na havikupotea. Kwenye hema la wageni, watu wa Afrika Kusini walitoka mmoja mmoja, mwimbaji wao akiwa bado na sahani ya pilau mkononi. Alikula kijiko kimoja, akasahau vingine.

Mama Eddah hakuruka. Alisimama mikono imeunganishwa tumboni, kidevu juu, akimwangalia binti yake moja kwa moja.

Musimbi alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Akaangalia saa, akaisogelea maikrofoni. "Nilipewa dakika kumi na mbili. Nimetumia kumi na moja. Hiyo moja iliyobaki, nawaachia wageni wangu."

Uwanja ukapasuka. Mwimbaji wa Afrika Kusini alitafsiriwa maneno hayo, akacheka, akainamisha kichwa kumpa heshima. Hata Kimotho alipiga makofi, ingawa kwa vidole viwili.

Alimkuta Osewe nyuma ya jukwaa, karibu na tangi la maji, amesimama kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Ile kitu nilisema ya bei ya nyama," Musimbi alianza.

"Lakini ni kweli. Naandika bei ya nyama. Na naiandika vizuri, hakuna bucha Kibera imewahi kulalamika." Kidevu chake kilikuwa juu. Kisha kikashuka. "Lakini ile ukuta ilikuwa jina lako. Ningekuuliza. Hapo nilikukosea."

"Na mimi nilikuaibisha mbele ya Billy. Nisamehe, Jeco. Siku kumi nimekaa vibaya."

"Mimi nimeandika 'kuku' na k tatu."

Walicheka wakiwa karibu sana, mikono bado haijui kama imeruhusiwa. "Mama umemtoa wapi?"

"Nilienda kwa mboga zake Alhamisi. Nikamwambia, mama, mimi ndiye nimeharibia mtoto wako kazi. Kuja uone kama imeharibika kabisa."

Mara Mama Eddah akatokea, mkoba wake mkubwa ukiwa bado begani mwa Osewe. Alimshika binti yake mashavu yote mawili.

"Rachael. Hii ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni kazi." Akamfuta jasho usoni. "Nimewaambia wale wamama karibu yangu mimi ndiye nilikuzaa. Walikataa, nikawaonyesha kitambulisho." Kisha akamgeukia Osewe. "Na huyu amenibebea mkoba tangu Kawangware. Ameniambia jina, hajaniambia ni nani kwako."

"Mama, mimi ni rafi..." Osewe alianza.

"Ni mchumba wangu," Musimbi alisema.

Osewe alimgeukia Musimbi. "Tangu lini?"

"Tangu saa hii. Unakataa?"

"Nani, mimi? Mimi nikatae?" Alipiga tangi la maji kwa kiganja. "Jaber, mimi nilikuwa natafuta tu mahali pa kuanzia!"

"Basi watu wako waje Jumapili," alisema Mama Eddah, "tuongee kama watu. Nitachinja."

Jukwaani wageni walianza kupiga, na ardhi ikatetemeka. Osewe aliziba sikio moja kwa kidole, simu kwenye sikio la pili, mkono wa Musimbi umebanwa kwapani asitoroke.

"Baba mdogo! Baba mdogo, Jumapili uko wapi?... Hapana, si matanga! Hakuna mtu amekufa! Nasema vaa koti mpya, ukuje Kawangware... Eeh, bibi nimepata! Ama amenipata, sijui, nitakuelezea!"