Mtandio wa Raudha

Sada alifagia uwanja. Alipomaliza, akaanza tena palepale. Mumewe Halidi, aliyekuwa akifunga kamba za viatu aende kazini, alimtazama.

"Mama Raudha, hapo umeshafagia. Unachimba kisima?"

Sada hakucheka. Moyo wake haukutulia tangu Jumapili. Siku hiyo binti yao Raudha alikata nywele usawa wa masikio. Alikuwa ameona kwenye simu picha za wasichana wa Ulaya na Marekani wa zamani. Walikuwa na nywele fupi na gauni za magotini, wakicheza dansi na kucheka.

Sada alifoka. "Nitakupeleka kijijini Marui, kule Kisarawe, kwa bibi yako, akuweke ndani kama mwali mpaka upate adabu!"

Tangu hapo Raudha alijifunga mtandio. Hakuuvua hata ndani, hata kwenye joto la mchana. Sada alidhani mtoto ametubu. Lakini mbona hali chakula? Mbona anakunja uso akiinama?

Halidi alipoondoka, Sada aliingia kutandika kitanda cha Raudha. Foronya ilikuwa na madoa ya usaha. Alivuka barabara mbio mpaka kwa Atupele, msusi wa pale Misugusugu. Atupele aliacha chai yake ikipoa, akamfuata mpaka nyumbani, wakamkuta Raudha amejiinamia.

"Raudha, mdogo wangu, nionyeshe kichwa. Sitakusema."

"Mama atanipeleka Marui."

"Mama yako huyu hapa. Anatetemeka kuliko wewe."

Mtandio ulikuwa umegandamana na ngozi. Atupele aliulowesha kwa maji safi, akauvua taratibu. Kichwa kilikuwa na vidonda.

"Ulipaka dawa ya kulainisha nywele?"

"Ndiyo, dada. Kwenye picha nywele zimelala, zangu zilisimama. Nilikuwa nimejikuna. Ikanichoma, nikavumilia."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" Sada aliuliza.

"Ningekuambia saa ngapi, Mama? Ulikuwa unafoka."

Sada alikaa chini.

"Dawa hii ni kali," Atupele alieleza. "Usiipake kwenye kichwa kilichokunwa au chenye kidonda. Ikianza kuchoma, usivumilie. Ioshe upesi kwa maji mengi yanayotiririka. Palipoungua usipake dawa ya meno wala samli. Kisha nenda zahanati. Na leo tunakwenda."

"Picha zile ndizo zilizomponza!" alisema Sada.

"Picha haichomi, dada, na hizo nazijua. Wasichana wale waliishi miaka mia iliyopita. Mama zao nao walisema dunia imekwisha. Leo nakata nywele fupi za walimu na manesi, nani anashtuka? Kila kizazi cha wasichana hutafuta namna ya kusema, 'Na mimi nipo.' Wale nao walikosea. Wengi walivuta sigara wakidhani ndiyo uhuru. Basi tuchukue jema, baya tuliache." Atupele alitabasamu. "Na hizo nyusi zako nyembamba za wanja, ulidhani zimeanzia Kisarawe? Wao walizichora hivyohivyo!"

Sada alijishika nyusi. Raudha akacheka, machozi yakimtoka.

Kwenye zahanati, muuguzi alisafisha vidonda na kuwapa dawa. Sada alimshika binti yake mkono mpaka mwisho.

Vidonda vilipopona, Atupele alizipunguza nywele za Raudha vizuri, bila dawa ya kulainisha. Mtoto akatembea kichwa wazi. Wako waliomcheka njiani. Sada alikwenda naye sokoni, bega kwa bega, akiwasalimia mmoja mmoja.

Jioni moja Sada alikuwa akikuna nazi. Raudha alikuja akasimama mlangoni, akihamisha uzito mguu huu na huu.

"Mama, nataka kutoboa pua. Sijafanya kitu bado. Nimekuja kukuambia kwanza."

Maneno makali yalimfika Sada kinywani. Akayameza. Akasogea, akampa binti yake nafasi kwenye mkeka.

"Haya, kaa," alisema. "Niambie."