Ala ya Torgeir

Haya yalimpata rafiki yangu Torgeir wa Telemark, ambaye kwa kujifurahisha huunda visu vya kale vya Waviking pamoja na ala zake.

Alasiri moja ya Desemba, giza la mapema la majira ya baridi ya huko kaskazini limeshaingia na umeme umekatika, aliingia karakana na shemeji yake Sindre kutazama kisu cha zawadi. Torgeir alikuwa amekifunga kwa kamba ndani ya ala iliyoloweshwa, ili ngozi ikauke na kushika umbo la kisu.

Wakasikia chuma kikichomolewa taratibu kutoka kwenye ngozi mbichi.

"Kiache, Sindre, ala haijakauka!"

"Mikono yangu iko mfukoni, shemeji. Umefuga panya wenye silaha?"

Sindre alikuwa bado anacheka alipopiga ukelele. Torgeir akawasha tochi. Kisu kilikuwa sakafuni, na damu ikiruka kutoka pajani mwa Sindre hadi ukutani. Torgeir alilikaza paja kwa mshipi huku akimlilia, "Usilale, ndugu yangu!"

Sindre alipona. Torgeir aliporudi karakana baada ya siku tatu, ala ilikuwa mezani, imekauka, kamba zote zimefungwa vilevile. Ngozi ilikuwa imetuna kutoka ndani, kwa umbo la vidole vinne vilivyokunjwa, na kucha zake.